Moto wa Balozi Kondo

Mliponiaga pale zahanati kwa soda na karanga, mmoja wenu aliniuliza ni dawa gani niliyoiona ikifanya kazi vizuri kuliko zote katika miaka yangu ya uuguzi. Nilicheka nikasema nitafikiri. Sasa nimekaa hapa Kimara, sina foleni ya wagonjwa wala mtu wa kunigongea dirisha kuuliza kama mganga amefika, na nimefikiri. Jibu langu litawachukua muda kulisoma, na mwisho wake si dawa. Mtavumilia. Mie niliwavumilia mlipokuwa mnajifunza kuchoma sindano.

Nilipelekwa Temeke miaka michache baada ya Azimio la Arusha, nikitokea chuo cha uuguzi, na kabla ya chuo nikitokea Tabora. Jina langu Kalunde, ni Mnyamwezi. Hilo la kabila nalitaja mapema kwa sababu bila hilo habari hii haisimuliki. Zahanati yetu ilikuwa upande wa Tandika, nyumba ya bati yenye baraza mbele na choo nyuma. Siku ya kwanza nilifika na viatu vyeupe. Jua halijapanda sana vilikuwa vya kijivu. Bwana Mapunda, mganga aliyeisimamia zahanati, mtu wa Songea mwenye sauti ya padri, alinikuta navipangusa kwa pamba ya serikali. Akasema taratibu, "Dada, pamba ni ya vidonda. Viatu vitakuwa hivyo hivyo kesho."

Nilidhani ni vumbi la barabara. Lakini nilipopitisha kidole dirishani kilitoka cheusi na chenye mafuta, kama kilichofuta tako la sufuria. Ng'ambo ya barabara kuu kulikuwa na kiwanda ambacho sitakitaja, chenye dohani ndefu tuliyojivunia wote, maana nchi ilikuwa changa na kila dohani tuliihesabu kuwa hatua ya maendeleo. Malori ya mkaa yalishuka kutoka Kisarawe yakikohoa kuliko wagonjwa wetu. Kila nyumba ilikuwa na jiko lake, na jioni watu walichoma makumbi ya nazi mlangoni kufukuza mbu. Juu ya hayo yote kulikuwa na moto wa takataka, ambao nitaufikia.

Zana zetu mngezicheka. Tulikuwa na mashine ya kupimia presha, ya zebaki, tuliyoilaza kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Tulikuwa na stetoskopu mbili, moja ikisikia vizuri na nyingine ikisikia inavyotaka. Vipimo vya damu mnavyoviagiza leo kabla hata hamjamkaribisha mgonjwa kiti, sie tulivisikia kwa jina. Kwa hiyo Bwana Mapunda alinifundisha kuuliza. Alisema mtu wa mjini ukimuuliza anaumwa nini, atakujibu kile anachofikiri unataka kusikia. Muulize juzi aliweza kufanya nini ambacho leo hawezi. Swali hilo nimelitumia mpaka siku ya mwisho ya kazi, na halijawahi kuharibika wala kuhitaji vipuri.

Ni kwa swali hilo tulianza kuuona moshi. Chuoni tulifundishwa kwamba moshi huleta kikohozi, basi. Lakini asubuhi za kiangazi, hewa ikiwa imetulia na moshi umelala juu ya mapaa kama shuka, waliokuja hawakuwa wa kikohozi peke yao. Walikuja wazee ambao juzi waliweza kuteka maji na leo wamesimama katikati ya njia, kifua kinabana. Walikuja wajawazito waliokaanga samaki kando ya barabara tangu alfajiri, presha imepanda. Walikuja watu wa sukari na miguu iliyovimba. Bwana Mapunda alizoea kusimama barazani, akanyoosha kidole kilicholowa mate kupima upepo, kisha akaniambia, "Ukivuma kutoka baharini tutapata usingizi. Leo umekata. Leo tutapata mioyo."

Mzee Kondo alikuwa balozi wa nyumba kumi katika mtaa uliotuzunguka. Alikuwa Mzaramo wa pale pale, ambaye babu yake alilima mihogo mahali tulipojenga choo cha zahanati, jambo alilotukumbusha kila alipokitumia. Siku tuliyojuana alikuwa amemsindikiza jirani mwenye jipu. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza sauti hiyo ya wapi. Nikamwambia Tabora. Akawageukia waliokaa kwenye benchi.

"Kumbe Mnyamwezi! Nani kakutua mzigo, mwanangu, au ndio huo umeufunika na hicho kikofia?"

"Niliutua hapa kwenu, mzee," nikamjibu. "Niliwakuta mmelala, nikaogopa kuwaamsha."

Benchi zima lilicheka, hata mwenye jipu, ambaye hakupaswa kutikisika.

Kwa nyie mliozaliwa juzi nieleze. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wazee wetu walipobeba pembe na mizigo ya watu kutoka bara hadi pwani wakikatiza nchi ya Wazaramo, wakigombana nao, wakipatana, wakizikana. Kilichobaki ni ruhusa. Mtani anaweza kukutukana hadharani na wewe huruhusiwi kununa. Anaweza kuingia uani kwako akaondoka na kuku, ukabaki kumwangalia. Msibani kwako ataigiza ulivyokuwa ukitembea, atazuia jeneza mpaka apewe chochote, na wafiwa watacheka huku wanalia. Lakini mtani huyo huyo ndiye wa mbele kushika jembe la kaburi. Basi tangu siku ile Mzee Kondo hakupita zahanati bila kuniuliza kama michembe yetu, yale makavu ya viazi, imekwisha ndiyo tumekuja kula mihogo yao, na mie sikumwacha aondoke bila kumuuliza ni ngoma gani imemwamsha leo, maana Mzaramo hutaniwa kwa kupenda ngoma.

Sasa moto. Miaka ile usafi ulikuwa siasa, na siasa njema. Kipindupindu na malaria havikutaka mzaha. Kila balozi alitakiwa watu wake wafagie na kuteketeza taka. Viongozi wa tawi walipopita kukagua, hawakuingia kila kichochoro. Walisimama barabarani wakatazama moshi. Penye moshi pana usafi. Balozi ambaye moshi wake haukuonekana alidhaniwa bado yumo kitandani. Mzee Kondo hakuwa mtu wa kudhaniwa yumo kitandani. Kila siku baada ya sala ya alfajiri alitoka na reki, akakusanya maganda ya mihogo, makumbi, majani mabichi, matambara, raba zilizokufa, na mara moja tairi zima la lori, akawasha mwenyewe kwenye kiwanja mbele ya nyumba yake, akasimama pale akigeuza. Hakumwachia mtu. Balozi wa mtaa wa pili naye alikuwa na moto wake, na wawili hao walitazamana kwa mbali, kila mmoja akiongeza majani mabichi ili moshi wake uwe mzito zaidi. Alfajiri, kama mjuavyo, hewa haijaamka. Moshi ule haukupanda popote. Ulitambaa, ukaingia madirishani, ukakaa na watu.

Siku aliyokuja kama mgonjwa nilijua kabla hajaketi, kwa sababu hakunitania. Nilimuuliza juzi aliweza nini ambacho leo hawezi. Akafikiri, akasema juzi alikwenda msikitini moja kwa moja, na leo amepumzika kwenye ngazi ya duka, kisha kwenye ukuta wa fundi baiskeli. Nilibonyeza kifundo cha mguu, kidole kikaacha shimo. Presha ilikuwa juu. Bwana Mapunda aliusikiliza moyo kwa stetoskopu nzuri, akausikiliza tena, akaniachia nisikie. Ulikuwa unakwenda kama mtu anayekimbia amevaa viatu vya mwenzake.

Alipelekwa hospitali kubwa ya mjini, akarudi na vidonge vya moyo, vidonge vya kukojoza, na agizo la kupumzika. Alipumzika kweli, maana Bi Tatu, mkewe, alimfichia viatu. Kiwanja kikakaa bila moto. Miguu ikanywea, usingizi ukarudi. Tulizishukuru dawa, na zilistahili shukrani. Kisha ukaja uvumi kwamba mgeni wa wilaya atapita. Mzee Kondo akatoka peku, akawasha moto mkubwa kuliko yote. Kabla mgeni hajapita, miguu ilikuwa imevimba tena, na dawa zilikuwa zile zile.

Bwana Mapunda alikwenda kumwona. Alivaa koti. Alisema, kwa Kiswahili chake cha mimbarini, kwamba uongozi wa zahanati unamwomba mzee wetu, kwa heshima na taadhima, afikirie suala la moto. Mzee Kondo alimshukuru kwa heshima na taadhima, akamkaribisha kahawa, na kesho yake akawasha.

Basi nikajaribu mie, kwa njia ninayoipenda, kueleza. Nilikaa naye barazani kwake. Nilimwambia, mzee, damu ni mpagazi. Kila mara hupita mapafuni kubeba mzigo wa hewa safi, ikaupeleka mwilini kote, na wa kwanza kungoja mzigo huo ni moyo wenyewe. Moto usiowaka vizuri, wa majani mabichi na raba, hutoa hewa ya sumu isiyoonekana. Mpagazi akifika mapafuni anakuta sumu hiyo imewahi begani kwake, imekalia mahali pa mzigo. Anaondoka amelemewa na hana kitu. Moyo unaona mizigo haifiki, unaongeza mwendo, unapiga kelele waje wapagazi zaidi. Na zile chembe ndogo za moshi huichokoza mishipa ikakaza, ndiyo njia yenyewe inakuwa nyembamba. Moyo wa kijana utastahimili. Moyo uliokwisha kuchoka, au wa mjamzito, au wa mwenye sukari, unaomba kupumzika na haupewi.

Alinisikiliza mpaka mwisho, macho nusu yamefumba. "Kwa hiyo damu ni Mnyamwezi," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Ndiyo maana naumwa. Nimejaa nyie."

Alikuwa ameelewa kila kitu. Aliweza hata kumweleza jirani, na alimweleza vizuri kuliko mie. Kesho yake akawasha moto. Wenzangu, hapo mie mpenda kueleza nilijifunza kwamba mtu anaweza kulielewa somo lako lote na bado akashika kiberiti. Nilimuuliza kwa nini, safari hii bila wapagazi. Akatazama upande wa mtaa wa pili, ambako moshi wa mwenzake ulikuwa unapanda. "Siku nikiuacha," akasema, "watasema Kondo amekwisha." Hakutania.

Kiangazi kilipokolea walimleta kwa mkokoteni wa kubebea maji, amekalishwa, maana kulala hawezi, midomo ina rangi ya zambarau. Tulifanya tulichoweza, gari likamchukua. Alirudi akiwa nusu ya mtu aliyeondoka, na daktari wa mjini alikuwa amemwambia Bi Tatu kwamba akirudishwa tena kwa hali ile, wasitegemee atarudi nyumbani. Mzee mwenyewe naye aliambiwa. Alipoweza tena kusimama alimuuliza mkewe reki iko wapi.

Bi Tatu alikuja zahanati akiwa hana ugonjwa. Alikaa nami baada ya wagonjwa kwisha. Alisema watu wanajaa nyumbani kumwona mgonjwa, wanakaa chumba kizima, kila anayeingia anasema afukizwe ubani, na dirisha linafungwa asipigwe baridi; yeye amezuia alichoweza. Lakini moto wa nje umemshinda. "Mwanangu, mie nimesema mpaka nimenyamaza," aliniambia. "Mke akisema sana anaitwa mkorofi. Watoto hawawezi kumkataza baba yao. Bwana mganga kaja na koti. Nyie peke yenu ndio mna ruhusa."

Nilimwelewa. Lakini sikuwa mtu wa kujiamulia jambo kama hilo, kwa hiyo nikaenda kwa Bibi Nyanzala, mkubwa wa Wanyamwezi wa Temeke, mwanamke aliyekuja mjini zamani na mume wa reli na kubaki baada ya mume kufa. Nilimweleza ninachofikiria. Alisema kumlilia mtu aliye hai ni jambo zito, hata kwa watani. Hulifanyi kwa mtu anayelia, unalifanya kwa anayeweza kusimama na kujibu. Halafu akasema lililonikaa rohoni kwa miezi: akifa baada ya hapo, watu watasema Wanyamwezi wamemtabiria, na wewe mwenye kofia nyeupe ndiye uliyewaleta. Uko tayari? Nilisema sijui. Akasema hilo ni jibu zuri, twende Jumamosi.

Jumamosi asubuhi tulikwenda, wanawake wachache wenye khanga kiunoni na kijana mmoja wa kiwandani ambaye kwa kuigiza watu alikuwa hana mwenzake. Mzee Kondo alikuwa barazani, reki imeegemea ukutani, kiberiti mkononi, akijikusanyia nguvu. Hatukuamkia. Tulitandika mkeka mlangoni kwake, tukakaa, miguu tumenyoosha, na Bibi Nyanzala akaanza kulia kwa sauti iliyowatoa majirani ndani.

"Kondo wee! Umetuacha, Kondo! Simba hakukuweza, Mdachi hakumweza baba yako, leo umeuawa na maganda ya mihogo!"

Watu wakajaa. Walioelewa walianza kucheka, wasioelewa walianza kulia, wakaelezwa, wakacheka zaidi. Tulimsifu marehemu. Tulisema alikuwa mtu wa usafi, aliyefagia mtaa wote akaumalizia kifuani mwake. Tulisema balozi wa mtaa wa pili amekuja kuzika na amepewa nyumba ishirini. Mzee Kondo alisimama, akatuuliza kama tumekosa kazi, akasema Mnyamwezi hata msiba anaubeba kabla haujaiva. Tulimwambia marehemu hasemi.

Kisha yule kijana akachukua reki. Akaiga kuchokoa moto. Akaiga kukohoa, akaiga kutoa amri, "Leta yale ma... ma...", mkono kifuani, macho juu, anangoja pumzi ije amalizie neno, anajifanya hakuna kitu, anachokoa tena. Alimwiga vizuri kupita kiasi. Kicheko kilianza kikubwa, kikapungua, kikabaki kwa watoto. Bi Tatu aliyekuwa amesimama mlangoni akicheka na wenzake alifunika uso kwa khanga, na mabega yake yakatikisika kwa namna ambayo haikuwa ya kucheka.

Mzee Kondo hakumtazama kijana tena. Alimtazama mkewe. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kujiona kwa macho ya mtu aliyelala naye chumba kimoja akisikiliza pumzi zake.

Akakaa. "Haya," akasema, "semeni mnachotaka mniondolee msiba huu. Chukueni kuku."

"Kuku tumeshachukua," Bibi Nyanzala akamwambia. "Yuko njiani anakwenda Keko. Tunataka reki na kiberiti. Na hicho kiwanja."

"Kiwanja ni cha mtaa."

"Basi moto wake. Moto ni wako, kila mtu anajua. Tumeuchukua, na mtani haulizwi atarudisha lini."

Angeweza kukataa. Hakuna sheria ya serikali inayomlazimisha mtu kumpa mtani reki. Lakini Mzaramo wa kweli hamnunii mtani mbele ya watu, na nafikiri hata yeye aliuona mlango tuliomfungulia: moto hakuuacha kwa udhaifu, alinyang'anywa na watani, na mbele ya hilo hata balozi wa mtaa wa pili asingekuwa na la kusema. Alinikabidhi kiberiti mkononi. "Kaupike ugali wa mtama," akasema, "ushibe, uache kulilia wazima."

Tulikula kuku yule. Lakini wiki zilizofuata kila aliyekuja mbio zahanati kutoka upande ule nilimtazama midomo kabla hajasema. Niliwaza msiba wa kweli, na wanawake wa mtaa wakininyooshea vidole. Mzee Kondo alikuwa hatoki ndani, na siku zingine Bi Tatu alisema hakulala. Dawa alikunywa, chumvi alipunguza huku analalamika, makumbi ya jioni mkewe aliyahamishia nyuma ya nyumba, akamwombea chandarua kwa shemeji. Ubani hatukuukataza, tuliomba ufukizwe sebuleni dirisha likiwa wazi, wageni watoke na harufu yao nzuri na mgonjwa abaki na hewa. Mkumbuke hilo vijana. Ukimnyima mtu desturi yake atakuficha na ataifanya mlango umefungwa. Mwombe aisogeze.

Taka nazo hazikungoja. Kiwanja kilianza kunuka, na Mzee Kondo, akiwa amekaa kitini, akaitisha mkutano wa nyumba zake. Alisema watani wamechukua moto, kwa hiyo kila nyumba mbili zichimbe shimo, taka mbichi zifukiwe kwa mchanga, maganda wapewe mbuzi, na mwenye tairi alipeleke kwa fundi ndala. Viongozi wa tawi walipopita na kukosa moshi waliingia kuuliza kama kampeni imekufa. Aliwaingiza vichochoroni kwa mara ya kwanza, akawainamisha juu ya mashimo, akawataka wanuse. Waliandika jambo, sijui nini. Wa mtaa wa pili aliendelea na moto wake hadi masika. Msidhani kila mtu anageuka kwa hadithi moja.

Kulipiza kisasi hakukukosekana. Siku moja alipokuja kupima presha alikuta tunachemsha sindano kwenye jiko la mkaa, maana mafuta ya taa yalikuwa yameadimika, na jiko lenyewe lilikuwa mwisho wa benchi, ndani, wagonjwa wa kifua wakiwa wamepangwa kulizunguka kama wanaota moto Njombe. Akalitazama jiko, akanitazama. Akawaagiza watu wawili walibebe walipeleke uani, maji yakichemka, sindano zikilia ndani. Nilipofungua mdomo akaniambia mtani haulizwi. Bwana Mapunda alitoka chumbani kwake, akaona kifaa cha serikali kinapita, akasema yeye si mtani wa mtu hapa na kwa hiyo hajui hata kama anaruhusiwa kukasirika. Jiko halikurudi ndani tena, na sie wauguzi tuliacha kuumwa kichwa mchana, jambo tulilokuwa tumelisingizia njaa.

Kiwanda ndicho kilichotushinda. Dohani haina kabila, na huwezi kuketi mlangoni pake na mkeka. Bwana Mapunda aliandikia wakubwa, wakajibu kwamba wamepokea. Sie tulichoweza ni kuwafundisha wenye mioyo dhaifu kuishi na moshi wake: dirisha la upande wa barabara lifungwe asubuhi malori yakipita na la nyuma lifunguliwe, kazi nzito ingoje upepo wa bahari, njia ya kwenda sokoni iwe ya vichochoroni, si kandokando ya malori. Na dawa zisikatishwe kwa sababu mtu amejisikia vizuri. Hayo ni madogo. Nawaambia kwa sababu madogo ndiyo mtakayokuwa nayo siku nyingi za kazi yenu, na yanatosha kumwongezea mtu miaka.

Mvua za kwanza za masika zilikuwa zimeosha mapaa siku Mzee Kondo alipokuja peke yake, akachukua vidonge vyake, na kukataa kuondoka. Alisema mtoto wa watu asiachwe atembee mwenyewe kwenda kituo cha basi, atapotea arudi Tabora kwa miguu kama babu zake. Nilivua kofia, nikafunga mlango, tukatoka. Njia ile ina mwinuko mdogo baada ya duka. Alianza pale pale mlangoni: Wanyamwezi wana vichwa bapa kwa sababu ya mizigo, ndiyo maana kofia za uuguzi zinawakaa vizuri, Wanyamwezi walipoiona bahari walidhani ni ugali haujasongwa, Mnyamwezi akipewa kiti anakibeba. Tulipita ngazi ya duka, anasema. Tukapita ukuta wa fundi baiskeli, fundi akamwamkia, akaitikia katikati ya tusi na kuendelea nalo pale pale alipoliachia. Tukapanda mwinuko. Nilikuwa na majibu mazuri, yamejaa mdomoni, na mojawapo lilikuwa la ngoma ambalo mpaka leo najuta sikulisema.

Nilitembea pembeni yake, nimeinamisha kichwa, nasikiliza zile pumzi zikipita kati ya maneno, ndefu na za kutosha, na yeye akidhani amenishinda.